Ng'ombe wa Msiba na Mbawakawa wa Isongole

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa chepe, sururu na mzee mmoja asiyecheka. Mzee huyo ndiye Ambakisye, aliyekuwa akizika mizoga ya ofisi ya mifugo kabla yangu. Alizitazama gambuti zangu mpya, akaguna, akasema, "Hizo leo ndiyo mwisho kuingia ndani kwako." Nilidhani ananitisha mgeni. Jioni yake mke wangu Tumpe alinisimamisha kwenye migomba, akanimwagia ndoo ya maji kwa mbali kama mtu anayezima moto, na gambuti zile zikakaa nje mpaka zikachakaa.

Ninyi vijana mliobaki ofisini mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Naandika, ila mjue shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililikalia tu. Nikitoka njiani, subirini, nitarudi.

Mzoga wangu wa kwanza ulikuwa wa ndama, huko Kisondela, kaanguka korongoni chini ya miparachichi. Nikaanza kuchimba palepale. Ambakisye akanishika mkono. "Kwanza salimia wenyeji." Nikageuka huku na huku, sikuona mtu. Kumbe wenyeji aliowasema ni wadudu. Alichuchumaa, akainua mguu wa ndama kwa kijiti, na chini yake walikuwepo wadudu weusi, bapa kama vifungo vya koti, migongo ina mistari iliyoinuka. Jua likiwapiga, weusi wao unageuka kidogo kuwa bluu.

"Nzi ndio wageni wa kwanza," Ambakisye alisema. "Hawa ni wa pili. Wa kwanza wanakuja na kelele, wa pili wanakuja na habari."

Jina lao la kitabuni ni mbawakawa, mbawakawa wa mizoga. Sisi kazini tuliwaita wageni wa pili. Vipapasio vyao vya kichwani vina vifundo mwishoni, ndivyo wanavyonusia, na upepo ukiwa mzuri wanafika kwa kuruka kutoka mbali ambako wewe bado hujasikia harufu yoyote. Watu hudhani wanakula nyama tu. Nyama wanakula, lakini wanapenda zaidi mabuu ya nzi, wanayatafuna kama karanga. Mayai wanataga kwenye udongo pembeni ya mzoga. Watoto wao nao ni weusi, bapa, wa pingili pingili, ukiinua ngozi wanatawanyika kama watoto waliokutwa wanachovya sukari. Wakishiba wanaingia ardhini kugeuka. Halafu wapo wanaokuja na abiria, utitiri mdogo mwekundu umejishikilia tumboni. Ukifika unashuka, unakula mayai ya nzi, unapanda tena kwenda mzoga mwingine. Nauli halipi mtu.

Mtauliza mzikaji ana haja gani na hayo. Haja ninayo. Ambakisye alinifundisha kurudi kwenye shimo baada ya kulifukia. Ukikuta wageni wa pili wanatembea juu ya udongo, wanasimama, wanachimba kidogo, wanatoka, wanachimba tena, jua shimo lako ni fupi na harufu inapanda. Kesho mbwa atafukua. Chimba upya. Shimo zuri, ukisimama ndani yake, watu waone kofia tu. Mawe juu, miiba juu ya mawe. Na ng'ombe aliyekufa ghafla akatokwa damu puani na nyuma, usimtie kisu hata umeombwa na nani. Huyo ni wa kimeta, unamzika mzima, na unamwita daktari kabla hujamgusa.

Kanisani watu waliniachia nafasi kwenye benchi, mtu mzima angeweza kulala. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nanusa mikono yangu katikati ya sala.

Ni mtu wa wasiwasi mimi, tangu utoto. Ambakisye alipostaafu wasiwasi ukazidi, maana sasa nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nikitoka shimoni nageuka mara nyingi njiani, nadhani nimeacha glavu, nadhani nimeacha kichwa nje, nadhani watoto wa pale watachezea. Tumpe alizoea kuniona nafika nyumbani, navua shati, navaa shati, natoka tena.

Kisha akaletwa Dokta Mwanaidi, daktari wa mifugo, kutoka Tanga. Baridi ya Rungwe ilimtesa mpaka akawa anavaa soksi mikononi. Ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake kwamba nchi nyingine za baridi wako jamaa wa wadudu wetu ambao wanazika kweli. Mume na mke wanakuta panya amekufa, wanaondoa udongo chini yake mpaka anazama, wanamtoa manyoya, wanamviringisha awe donge. Watoto wakitoka kwenye mayai wanainua vichwa kuomba, na wazazi wanawalisha mdomo kwa mdomo.

"Na watoto wakizidi nyama, Dokta?"

"Wazazi wanakula baadhi yao, Mzee Asajile."

Habari hiyo nilikaa nayo wiki nzima, namtazama kila mtoto wangu. Mbawakawa wa kwetu huku hawaziki. Nadhani waliona mimi nipo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mpaka leo likinijia naacha kijiko.

Ilikuwa miezi ya baridi, karibu na kustaafu kwangu. Shangazi yake Tumpe alifariki Isongole, tukapanda bodaboda kwenda msibani. Kule juu ni viazi na ukungu. Mwenye msiba alikuwa Lusajo, mtoto mkubwa wa marehemu. Mkwe wa marehemu, Gwakisa, aliyeoa binti yake, alikuwa ameleta ng'ombe jioni iliyotangulia.

Hapo niwaeleze, maana kati yenu wako waliotoka mikoa mingine. Kwetu mkwe akileta ng'ombe kwenye msiba wa wakwe zake, haleti kitoweo. Anasema mbele ya watu kwamba waliompa mke anawaheshimu. Ukikataa nyama ile umemkataa yeye na watoto wake.

Ng'ombe yule alifika anayumba na kutoa mate. Wakasema ni mwendo na baridi. Alipopiga magoti nyuma ya nyumba wakamuwahi kwa kisu kabla hajafa, kama wengi wanavyofanya. Nyama ikaanikwa chini ya turubai, utumbo ukaoshwa, na uchafu wa tumboni wakautupa kwenye mfereji pembezoni mwa shamba. Haya yote niliambiwa baadaye. Mimi nilipofika asubuhi nilijua tu kwamba kuna ng'ombe wa mkwe na masufuria yako motoni.

Nilienda kujisaidia, nikapita kwenye mfereji. Macho yangu hayajui likizo. Nikaona uchafu wa ng'ombe, na juu yake nzi wa kijani, wamelala. Pembeni wageni wa pili, wengine chali, wengine ubavu, miguu imekunjwa.

Kwanza sikushtuka. Hawa wadudu ni waongo. Ukiwagusa wanajifanya wamekufa, wanakunja miguu, wanakutolea nyuma maji yanayonuka mpaka unawatupa mwenyewe, kisha wanaondoka zao. Nikaokota mmoja. Hakutoa maji. Nikasema labda ni baridi, maana umande wa Isongole unaweza kumgandisha hata mtu. Nikamfumbata, nikampulizia pumzi kama mtoto anayewasha kaa. Nikafungua kiganja. Nikamuweka juu ya jani la kiazi penye jua, nikachukua mwingine. Huyo wa pili mguu mmoja ulikuwa unatetemeka wenyewe, ukaacha. Nikakaa pale nimechuchumaa, suruali yenyewe sijaifunga vizuri, nasubiri mdudu afufuke. Sijawahi kumsubiri mtu hivyo.

Hawakuamka.

Nikaenda jikoni kwa wanawake. Tumpe alikuwa ameshika mwiko kwenye sufuria la utumbo.

"Mama Atu, umeionja hiyo?"

"Baba Atu, umekuja kulia au umekuja kula?"

"Nakuuliza, umeionja?"

"Chumvi bado."

"Usiionje. Na mtu asionje."

Alinitazama usoni. Wengine walicheka, yeye hakucheka. Alitoa mwiko, akasimama mbele ya sufuria na kanga yake, akawa kama mlango.

Nikampigia simu Dokta Mwanaidi.

"Wamekufa, au wamejifanya?" akauliza.

"Nimewapasha joto, Dokta. Hawajaamka. Na nzi pia."

"Sijui, Mzee wangu. Kwa simu siwezi kujua. Inaweza kuwa sumu, inaweza kuwa mtu amemwaga tu dawa kwenye mfereji."

"Ndiyo hofu yangu. Nikikosea?"

"Mimi ningekuwa hapo nisingekula. Zuia, nakuja."

"Nazuiaje, Dokta? Ni msiba huu."

"Vyovyote utakavyoweza."

Mfereji. Hilo mimi sikuwa nimeliwaza. Isongole kila shamba linapulizwa dawa ya viazi, na maji ya kusuuzia bomba yanamwagwa popote. Ikawa mguu mmoja unaenda kwa Lusajo, mwingine unarudi. Nikiwa nimekosea, nimemvua nguo mkwe wa watu mbele ya jeneza. Nikiwa sijakosea na nikanyamaza, tutachimba makaburi mengine.

Nilimwita Lusajo pembeni nikamwambia taratibu. Alikuwa na macho mekundu ya kulia. Akaniuliza mara mbili kama nimekunywa. Lakini msibani hakuna pembeni. Gwakisa alikuwa amekwisha kusogea, na nyuma yake wanaume wa ukoo.

"Kuna nini na ng'ombe wangu?"

Nikamweleza habari ya mbawakawa. Wanaume wakaanza kucheka kwa pua.

"Mzee Asajile," Gwakisa akasema, "wewe umezoea mizoga. Ukimwona hata bibi harusi unatafuta chepe." Wakacheka sasa waziwazi. Kisha yeye akaacha kucheka. "Nimemtoa ng'ombe zizini kwangu, nimemwongoza kwa miguu mpaka hapa. Leo nianikwe na mdudu?"

"Sijasema ng'ombe wako ni mbaya, tata," nikamwita baba kwa heshima ya kwetu. " Nasema tumngoje daktari."

"Marehemu atamngoja daktari?"

Akanipita. Akaenda jikoni, akamsogeza Tumpe kwa adabu, "Samahani juba," kama anavyosema mtu na mama yake, akachukua bakuli, akachota supu ya utumbo na vipande vyake. Akageuka tumwone wote. Akanywa. Akatafuna bila haraka.

"Kweli chumvi bado," akasema.

Watu wakapiga makofi, msibani! Mkewe, aliyekuwa ndani na mwili wa mama yake, akatoka kuuliza kuna nini.

Vijana, nataka mnielewe hapo. Kuanzia wakati ule nilianza kuomba niwe nimekosea. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kinyakyusa. Nilisema, Mungu, niaibishe. Nifanye kituko cha Isongole nzima, waniimbie, ila huyu mtu aendelee kusimama. Lusajo aliamuru nyama isipakuliwe bado, sijui kwa sababu yangu au kwa sababu jeneza lilikuwa halijafungwa. Watu wakakaa. Mimi nilikaa kwenye gogo mkabala na Gwakisa. Nilimtazama mpaka akachoka.

"Unanipima jeneza?"

"Hapana."

"Basi tazama kwingine."

Sikuweza. Nikaona anapangusa macho. "Moshi huu," akasema. Moshi ulikuwa unaenda upande wa pili. Kisha nikaona paji la uso limelowa, kwenye baridi ile wakati sisi tumejifunga mablanketi. Akatema mate. Akatema tena. Akataka kusimama, miguu ikakataa, akashika nguzo ya turubai na turubai lote likainama.

Nilimfikia kwanza kwa sababu nilikuwa tayari nusu nimesimama. Nikamlaza ubavu mate yatoke. Mkewe alipiga ukelele ambao sitauandika.

"Gwakisa, ng'ombe alikula nini njiani?"

"Hakula."

"Alikunywa wapi?"

Mdomo ulikuwa umejaa. "Pipa. Pale tulipopumzika, shamba la watu. Kulikuwa na pipa, nikamwachia. Alikuwa na kiu."

Ni pipa la kuchanganyia dawa ya viazi. Mwenye shamba hakuwepo, na pipa halina mdomo wa kusema.

Gari la Dokta likaingia wakati huohuo. Hakuuliza mengi, nilimwambia pipa akaelewa. Tukampakia Gwakisa na mkewe, wakashuka naye hospitali ya Igogwe ambako Dokta aliweza kuwaambia madaktari wa watu waanzie wapi. Mimi nilitaka kwenda. Dokta alikataa. "Kazi yako iko hapa, Mzee. Hiyo nyama isibaki hata kipande."

Nikaazima chepe. Nilichimba huku msiba mzima umesimama unanitazama, na hakuna aliyecheka. Lusajo ndiye aliyeleta masufuria, moja moja, hakuruhusu mtu amsaidie. Alipomwaga la mwisho akasema, "Mama yangu anaagwa kwa maharage." Hakuniambia mimi. Aliliambia lile shimo. Nilichota pia udongo wa mfereji na wadudu wote, kila mmoja niliyemwona, maana kuku wangewadonoa.

Shimo lilikuwa halijajaa simu ilipolia. Niliogopa kuipokea, nikampa Tumpe. Akasikiliza, akasema "ndaga, ndaga fijo", ndiyo asante yetu ya kushukuru sana, na machozi yakawa yanamtoka, nami sikujua ni ya upande gani.

"Anapumua," akaniambia. "Wamempa dawa. Anapumua mwenyewe."

Nikakaa ukingoni mwa shimo. Miguu ilikuwa ndani.

Msidhani nilishukuriwa. Wako waliosema kama nisingeongea, Gwakisa asingekula kwa hasira. Nililitafakari hilo sana, bado nalitafakari, na sijapata pa kuliweka. Lusajo siku moja alikuja kusali kanisani kwetu, benchi lilelile, akaniachia nafasi yangu ya siku zote na hakugeuza shingo. Gwakisa alikaa hospitalini, akatoka amekonda, akawa anajifungia kwake. Ng'ombe wake hakuhesabiwa. Mkwe ambaye ng'ombe wake amezikwa shimo moja na uchafu, ni kama hakuleta kitu.

Nikastaafu. Mkanipa blanketi na maneno mazuri.

Asubuhi moja, nilikuwa napalilia kahawa, nikasikia mtu ananisalimia kwa heshima ya wazee kabisa. Ni Gwakisa, kamba mkononi, na mtamba wa rangi ya udongo nyuma yake.

"Tata, nampeleka Isongole kwa wakwe zangu."

"Nenda salama, mwanangu."

"Hujanielewa. Twende wote."

"Mimi nimestaafu."

"Najua. Vaa viatu."

Tumpe alinitolea viatu kabla sijajibu. Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma ya ng'ombe. Kila mtamba alipoinamia majani mimi nilikohoa, na kila nilipokohoa yeye alivuta kamba. Tulipoanza kupanda, jua likatoka, tukafika mahali kijito kinakatiza njia. Mtamba akasikia maji, akavuta kwa nguvu. Tukamshika wote wawili.

"Ana kiu," Gwakisa akasema.

"Naona."

"Haya ni maji yanayotembea. Siyo pipa."

"Yanatoka juu."

Tukainua macho. Juu kulikuwa na shamba la viazi, la kijani, zuri sana. Hakulegeza kamba. Mtamba akalia, akatuangalia kama watu wasio na akili. Huyu bwana alikuwa ameumwa akapona, na sasa alikuwa anaogopa kunywesha ng'ombe, na njia ilikuwa bado ndefu, na kwa Lusajo walikuwa wanatungoja.

Nikapiga magoti. Nikachota kwa viganja, nikanywa. Yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Nikachota tena.

Gwakisa alikuwa amechuchumaa mbele yangu ananikodolea macho.

"Unajisikiaje?"

"Sijambo."

"Tungoje?"

"Tungoje kidogo," nikasema.

Tukakaa kwenye majani, kamba katikati yetu, mtamba anatupumulia shingoni, tukangoja.